Asiambiwe Mpaka Afunge Shule

11 Januari

Lea ameniachia daftari hili na kalamu mbili. Amesema, "Bibi, andika kila kinachotokea hapa nyumbani. Nikirudi nitasoma, nisikose kitu." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nililimaliza nikimchotea mwalimu maji. Akasema andika hivyohivyo unavyosema. Basi naandika ninavyosema. Atakayeona herufi zimelala afumbe macho.

Leo tumemsindikiza barabarani. Ameondoka na baba yake, mwanangu Amos, fundi wa malori kule Mbeya, aliyekuja jana kumchukua. Tranka, godoro, ndoo, jembe, fagio, mtoto kama anahama nchi. Anaanza kidato cha kwanza shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mimi ndiye niliyetaka. Mume wangu Aroni hakutaka, na asubuhi hii alisimama pembeni ya lami ndani ya koti lake la jivu kama mlinzi aliyenyimwa chai.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na upepo ulinipiga. Nikamwambia, "Hebu nipe hilo koti kidogo."

"La kwako liko wapi?"

Huyo ndiye Aroni Kalinga. Mbena wa Njombe, ameishi Chimala kwenye joto miaka yote hii na koti havui. Tangu anioe hajawahi kuniazima. Anayeruhusiwa kuingia humo ni Lea peke yake, wakiwa kwenye kibanda cha shambani wanaamia ndege wasile mpunga, wanatoa vichwa viwili kwenye ukosi mmoja. Yeye humwita "mke wangu mdogo", na mimi humwita "mke mwenzangu". Tumemlea tangu mama yake aende kuolewa kwingine, hajaota hata meno.

Gari lilipoondoka Aroni hakupunga mkono. Aliinama akaanza kung'oa majani kando ya barabara. Majani ya serikali, siyo yake.

14 Januari

Tumeanza kupandikiza mpunga. Mvua. Mgongo wangu.

19 Januari

Wanafunzi hawaruhusiwi simu. Jumapili wanapiga kwa simu ya matroni, jina lake Severina. Lea alilia. Nikamwambia, "Umeenda kusoma au kulia? Wenzako wanalilia nafasi hiyo." Aroni akaninyang'anya simu.

"Kamwene, Lea."

"Kamwene, Babu."

Aroni akamwambia miche ya mwaka huu ina afya, amepanda ule upande wa mfereji kwanza kama yeye Lea alivyoshauri. Nikasikia mtoto anacheka katikati ya kamasi.

26 Januari

Aroni kaanza tena. "Mtoto alikuwa anasoma hapa na kulala hapa."

Nikamwambia, "Alikuwa anasoma lini? Mpunga ukitoa masuke watoto wote wa hapa wako mashambani wanafukuza ndege. Mwalimu anaita majina, anajibiwa na ukuta. Na wewe ndiye uliyekuwa unamtoa darasani!"

Akasema, "Alikuwa anapenda."

"Na wale vijana wa bodaboda wanaomnunulia soda njiani, hao nao anawapenda? Kule kuna geti. Kuna taa usiku. Kuna mwalimu wa zamu anapita na kurunzi kuhakikisha wanasoma."

"Na anayepita kuhakikisha wamelala vizuri?"

Mtu wa miaka kumi na mitatu halali vizuri kwa nini? Nilipokuwa na umri ule nilikuwa napikia watu kumi na moja.

2 Februari

Mvua tu.

9 Februari

Lea ana rafiki, anaitwa Alisha. Ni Mhindi, baba yake Taherali ana duka la vitambaa Iringa. Nikauliza, hata watoto wa Kihindi wanalala bweni? Lea akasema Alisha analala kitanda cha juu na yeye cha chini. Alisha hakujua kufua, Lea amemfundisha kufua, na yeye anamfundisha Lea hesabu. Nikamwambia Aroni, umesikia? Angekutana wapi na mtu wa hivyo, juu ya kichuguu?

23 Februari

Lea amekuwa wa sita katika darasa lake zima. Hakulia kwenye simu. Nimetangaza kanisani bila kuombwa. Aroni alijifanya hajali, lakini mke wa mwenye mashine ya kukoboa kaniambia mzee alisimama pale kwenye foleni akimwambia kila mtu, hadi waliokuja na mahindi.

11 Machi

Aroni ameanguka shambani. Ilikuwa zamu yetu ya maji, alikuwa anaziba mfereji. Mdogo wake Sifaeli ndiye aliyemkuta. Tupo hospitali.

12 Machi

Wanasema presha, imepiga kichwani. Mkono wa kushoto hauna habari. Anaongea kidogo. Amemwulizia Lea.

13 Machi

Amemwulizia tena.

14 Machi

Aroni amefariki asubuhi.

15 Machi

Naandika hapa nimejifungia, wenzangu wanadhani nimelala. Uani watu wamejaa. Vitanda vimetolewa, magodoro yako chini, wanawake tunalala sakafuni kama ilivyo desturi. Nisipoandika nitapasuka.

Amos kaja kutoka Mbeya. Jambo la kwanza kaniuliza, "Mama, Lea nimpitie lini?"

Nikasema, "Humpitii. Asiambiwe mpaka afunge shule."

Sikubuni hilo. Huku kwetu ndivyo wanavyofanya, kila mtu anajua. Mtoto aliyeko bweni haletewi msiba. Nilimpigia Severina matroni bila kumwambia kisa, mwenyewe kaniambia wiki hii wana majaribio. Na mtoto wa yule mwuza nyanya aliambiwa mama yake kafa, akarudi kuzika, mpaka leo anauza nyanya na yeye.

Amos akainamisha kichwa. Huyu mwanangu hajawahi kubishana nami, na leo ndiyo siku niliyotaka abishane.

Aliyebisha ni Sifaeli. "Shemeji, huyu mtoto ndiye mwenye msiba. Sisi wengine tunamsindikiza tu."

Nikamwambia, "Wewe wa kwako umewasomesha mpaka wapi?"

Wazee wakasema mama mjane ameshasema. Likaisha hivyo.

16 Machi

Tumemzika nyuma ya nyumba, upande unaotazama mpunga.

Nilisahau kwamba leo ni Jumapili. Jeneza liko uani, wanawake wanalia, mimi mwenyewe sauti imekauka, simu ya Amos ikaita. Ni matroni. Amos akaniangalia. Nikasimama, mimi mjane, nikainua mkono nikawaambia watu wote, "Nyamazeni! Ni mtoto."

Wakanyamaza. Uani kote, watu mia na zaidi, na kwaya, na mchungaji mwenye kitabu wazi. Kuna mama alijiziba mdomo kwa kitenge. Mtoto mchanga akalia, akapewa ziwa haraka. Tukasikia kuku wanaparura. Na Amos kwenye migomba anasema kwa sauti ya furaha, "Wazima wote, mwanangu! Bibi na Babu wako shamba. Wanakusalimia."

Alipokata simu hakuna aliyejua aanze vipi kulia tena.

23 Machi

Nimemwambia Babu ana kikohozi, sauti haitoki.

30 Machi

Nimemwambia Babu yuko kibandani, ndege wamewahi. Akauliza, "Mpunga umeshatoa masuke?" Nikasema upande wa mfereji umeanza. Akauliza, "Amebeba chai au anakunywa maji ya mfereji tena?" Nikasema amebeba chai. Akauliza chupa ipi. Nikasema ile nyekundu. Uongo unataka vyombo kama harusi.

6 Aprili

Mvua kubwa. Mtandao haukushika. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kumshukuru.

12 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kutembelewa. Nilitoka alfajiri. Iringa nilikuta ukungu na manyunyu, baridi ya kuingia magotini. Nilikuwa nimevaa koti la Aroni kwa sababu sina jingine zito. Acha niseme kweli, hata kama ningekuwa nalo ningevaa hilo. Bado lina harufu yake.

Lea alinyoosha shingo kwenye kundi la wasichana, akaniona, akaja anakimbia. Kisha akapunguza mbio. Hatua za mwisho alitembea kabisa, taratibu, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, nimerefuka." Akashika ukosi wa koti. "Babu yuko wapi?"

"Ndege, Lea. Ndege wa mwaka huu ni balaa. Nani angebaki nao?"

"Na koti?"

"Kanipa. Kasema Iringa baridi, mke wangu usije ukanifia."

Nikacheka. Sijui kicheko kile nilikitoa wapi. Yeye hakucheka. Tulikaa kwenye nyasi juu ya kitenge changu, nikamfungulia wali na kuku. Alikula vizuri, lakini kila kipande akimaliza ananitazama usoni.

"Unaniangalia nini? Kula!"

"Nakula, Bibi."

Akaniletea yule Alisha. Mtoto mwembamba, miwani, amesuka nywele mkia mmoja mrefu mpaka kiunoni. Akaniamkia kwa magoti, nani kamfundisha? Akasema, "Bibi, Lea anasema Babu anatupa jiwe kwa kombeo mpaka ng'ambo ya mto."

Nikasema, "Ndiyo. Anatupa."

Saa ya kuagana Lea alinifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja mpaka cha juu. "Funga vizuri, Bibi. Njiani baridi." Bweni limemfunza adabu, hilo nimeliona kwa macho yangu. Zamani hata kamba za viatu vyake nilikuwa nafunga mimi.

15 Aprili

Matroni kanipigia, na siyo Jumapili.

"Bibi, mjukuu wako ameongoza wenzake kushusha magodoro sakafuni. Bweni zima. Usiku wa kwanza nikanyamaza, wa pili nikawaonya, jana wakarudia. Nawauliza sababu, hakuna anayefungua mdomo. Nimewapa adhabu ya kufagia uwanja."

Nikamwambia, "Nipe huyo mtoto."

Nilimsema mpaka jirani akatoka ndani kwake. "Baba yako anavunjika mgongo chini ya malori upate kitanda, wewe unalala chini? Ndiyo masomo hayo? Wa sita darasani halafu huna akili! Babu yako akisikia atasemaje?"

Kimya.

"Nakuuliza, Lea! Babu yako akisikia atasemaje?"

"Samahani, Bibi," akasema. "Tumeshamaliza."

20 Aprili

Pasaka. Lea kapiga. Hakumwulizia Babu. Aliniuliza, "Bibi, unakula?" Nikamwambia swali gani hilo, mimi mgonjwa?

27 Aprili

Kibandani peke yangu tangu asubuhi. Kwelea kwelea wanakuja kama moshi. Napiga debe, napiga kelele, kombeo silijui. Sauti yangu ndege hawaiogopi, wameshaizoea, ingawa nyumbani kila mtu anaiogopa.

Lea kapiga jioni. Tena hakumwulizia Babu. Kauliza, "Bibi, nani anakuwashia moto asubuhi?"

4 Mei

Hakumwulizia. Basi ndiyo hilo bweni. Nilisema mazuri yake na nitasema na mabaya yake. Mtoto anapata marafiki, anapata hesabu, anajifunza kufunga vifungo, na anasahau. Wiki chache tu, mtu aliyekuwa anaingia kwenye koti lake amemsahau. Nilikasirika mpaka sikula. Halafu nikajiuliza nimekasirika nini, si nilitaka asiulize?

11 Mei

Leo ndege walikuwa wachache, nikapata muda wa kuwaza, na sikuutaka.

Nitaandika lile ambalo hata Amos hajui. Aroni hakumwulizia Lea mara moja tu. Alimwulizia kila alipozinduka. Siku ya kwanza nilimwambia ana majaribio, tulia. Siku ya pili alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima na kusema, "Mwite, nimwone." Kutoka Iringa ni safari ya asubuhi tu. Kwa simu moja, jioni angekuwa amefika.

Sikupiga. Nilisema moyoni, huyu mwanamume atapona, halafu atanicheka, atasema unaona, bweni lako limeshindwa, mtoto karudi. Ndilo nililokuwa nawaza, mume wangu yuko kitandani hivyo. Kwamba nitashindwa ubishi.

Asubuhi ile ya mwisho akauliza, "Amefika?"

Nikasema, "Yuko njiani."

Akageuza uso kuelekea mlangoni. Akafa anatazama mlango.

Majaribio nilikuja kuyasikia baadaye kwa matroni, kwamba yalikuwa ya wiki ile kweli. Nilipomwambia Aroni nilikuwa nimeyabuni. Nikafurahi kuona uongo wangu umekuwa kweli. Mimi ndiye mtu wa namna hiyo.

18 Mei

Tumeanza kuvuna. Sifaeli na wanawe wamekuja kusaidia bila kuitwa. Nilimtukania watoto wake, na hao ndio waliokata mpunga wangu.

25 Mei

Tunapiga mpunga. Gunia baada ya gunia. Aroni angeokota punje moja moja zilizoanguka.

1 Juni

Lea anarudi Jumamosi. Nimezungumza na majirani wanne waje. Mtoto akiambiwa habari ya namna hii lazima kuwe na watu wa kulia naye, asilie peke yake. Amos atampokea na kumleta. Mchungaji atasema maneno. Sifaeli kaniuliza, "Na wewe utasema nini, shemeji?" Nikamwambia nitaona.

7 Juni

Wanawake walikuwa wamekaa tayari, vitenge vimefungwa kiunoni, wengine machozi yameshaanza. Amos akaingia na tranka. Lea nyuma yake, sare, begi mgongoni. Akatuamkia wote, mmoja mmoja, hakuruka mtu. Mchungaji akasafisha koo.

Lea akamgeukia Sifaeli. "Babu mdogo, mmemzika wapi?"

Wale wanawake walibaki na midomo wazi. Kilio kilichoandaliwa kikakosa pa kutokea.

Sifaeli akampa mkono wakaenda nyuma ya nyumba wawili tu. Mimi nilibaki na mchungaji na biskuti.

8 Juni

Nimemkuta jikoni amewahi kuwasha moto. Nikamwuliza nani alimwambia.

"Hakuna."

"Usinidanganye."

Akanitazama. Neno lile nilitamani nilirudishe mdomoni.

"Koti, Bibi," akasema. "Babu angekuazima koti? Hata siku moja?"

Nikaketi chini.

Akanieleza anapuliza moto, hanitazami. Siku ile nilipoondoka alikwenda kujifungia chooni. Alisha akamfuata, akakaa nje ya mlango mpaka kengele. Usiku Alisha akamwuliza, kwenu mtu akifa mnafanyaje? Lea akasema tunashusha magodoro, tunalala chini na mfiwa, hatumwachi peke yake. Alisha akashuka kitanda cha juu na godoro lake. Halafu msichana wa Makete. Halafu wa Mufindi. Mpaka bweni lote likawa sakafuni, na baridi ile ya Iringa. Wakatoa rambirambi, sukari, vijiko viwili viwili kila mtu kwenye kikombe kimoja. Siku tatu. Matroni alipouliza hawakusema, kwa sababu Lea aliwaomba. Aliogopa matroni atanipigia na kuniambia mtoto ameshajua.

"Na ningeambiwa kuna ubaya gani?"

"Ulikuwa umetoka mbali kuja kunificha, Bibi. Ulikuwa umechoka. Nikaona nikilia, utarudi njia yote ile unalia, na Babu hayupo wa kukupokea."

Na mimi nilimpigia kelele kwenye simu kwamba analala chini. Nikamwuliza Babu atasemaje. Mara mbili nilimwuliza.

9 Juni

Leo aliniuliza ninaloliogopa tangu Machi. Tulikuwa tunapepeta. Hakuacha kupepeta.

"Alikufa hapohapo, au aliniulizia?"

Ungo wangu ukasimama. Jibu lilikuwa tayari limeiva mdomoni, alikufa hapohapo, hakuteseka, hakusema neno. Amos angeliunga mkono, manesi hawapo, nani angejua? Lingemfaa. Lingenifaa mimi zaidi.

Nikasema, "Alikuulizia siku tatu. Mimi ndiye niliyekataa usiitwe. Alipokuwa anakata roho nilimwambia uko njiani."

Akaweka ungo chini vizuri, mchele usimwagike. Akaenda.

10 Juni

Lea hasemi nami.

11 Juni

Hasemi.

13 Juni

Anaamka, anawasha moto, ananipa uji, hasemi. Nilizoea kuwa mimi ndiye ninayenuna katika nyumba hii.

17 Juni

Nimemsikia anacheka na wanawe Sifaeli kwenye magunia. Nilipotokea akaacha.

22 Juni

Jana jioni alikuta daftari hili mezani. Sikulificha. Si lilikuwa lake? Aliniambia niandike asikose kitu. Amelisoma lote akiwa kibandani, taa ya simu yangu imewashwa. Leo asubuhi macho yamevimba. Amenipa uji na kusema, "Uji una sukari?"

"Unayo," nikasema. Uji haukuwa na sukari hata chembe. Nikagundua nimedanganya tena, nikasema, "Hauna."

Akaniletea sukari.

29 Juni

Nimemwambia kama hataki kurudi bweni asirudi. Shule ya kutwa ipo hapa Chimala, nitamsindikiza mwenyewe, na bodaboda watakaomsogelea watanijua. Neno hilo lilikuwa la Aroni, nami nalisema ameshakufa.

Lea akasema, "Nitarudi, Bibi."

"Kwa sababu ya hesabu?"

"Hesabu, ndiyo. Na kule nililia."

"Hata hapa unaweza kulia."

"Hapa mlinyamazisha msiba mzima nisisikie. Umeandika mwenyewe."

Nikachukua jembe nikaenda kulima mahali ambapo hapalimwi.

6 Julai

Nimetoka Iringa leo na naandika kabla sijavua viatu.

Nilikwenda na Lea, na Amos, na gunia la mchele mpya, ule wa upande wa mfereji, na kuku sita, na mafuta, na vitunguu. Koti nimemvisha Lea. Linamfika miguuni.

Severina matroni alituona getini akasimama na mikono kiunoni. "Bibi, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Hiki siyo cha nje," nikamwambia. "Ni cha msiba. Mume wangu alifariki Machi. Wasichana wako wamelala chini siku tatu kwa ajili yake, hawakupata hata maji ya kunawa kutoka kwangu. Sijawahi kuaibika hivi. Sasa nionyeshe jiko lako liko wapi, au nipikie hapa getini kwa mawe matatu, na wageni wako waone."

Matroni akashusha mikono kiunoni. Kisha akasema taratibu, "Nami niliwafagisha uwanja." Akatufungulia. Akatafuta kisu, akaanza kumenya vitunguu mwenyewe, na sidhani machozi yote yale yalikuwa ya vitunguu.

Walikula. Watoto wale wanakula! Alisha aliomba ukoko. Nilipita na sahani, mjane mimi, nikiwahudumia mmoja mmoja kama watu wazima waliotoka mbali.

Baadaye nikamwuliza matroni kama naweza kuingia bwenini. Nikamwambia Lea anishushie godoro lake. Akalishusha. Nikavua viatu nikaketi chini, miguu nimenyoosha, mgongo ukutani, kama nilivyokaa Machi nyumbani kwangu, nikiwa nimezungukwa na watu na sina yule mmoja. Wasichana wakajipanga wenyewe, hakuna aliyewafundisha. Wakaja mmoja mmoja kunishika mkono.

"Pole, Bibi."

"Asante, mwanangu."

"Pole sana, Bibi." Huyo Alisha, na magoti yake.

"Asante. Asante kwa kutomwacha mwenzako peke yake."

Wa Makete. Wa Mufindi. Bweni zima. Mkono wangu ukawa na joto la mikono yao. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa na koti la jivu linaloburuta sakafuni. Aliinama, akanipa mkono kama wenzake, hakunikumbatia.

"Pole, Bibi."

Ndipo nikakumbuka. Tangu Machi nimepokea pole za watu wa Chimala yote, za Mbeya, za Njombe, hata za wauza samaki. Na mwenye msiba mwenyewe sikuwa nimempa. Siku ya koti sikumpa. Kwenye simu nilimpa matusi. Siku aliporudi nilimpa mchungaji. Nikamshika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikamvuta akakaa kwenye godoro kando yangu, upande wa wafiwa.

"Pole, Lea," nikamwambia. "Pole, mke mwenzangu. Umefiwa."